Unga Laini wa Mama Magugu

Kazini walimwita Mama Magugu, na jina lenyewe alilipenda. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi katika maabara ya lishe, kazi yake kupima mboga za porini: mgagani, mnavu, mchicha pori, vitu ambavyo mwenye shamba huving'oa na kuvitupa njiani. Yeye akiviona kandokando ya barabara atainama kuchuma, hata kama amevaa viatu vya kwendea harusini. Jamani, yule mama alikuwa na wazimu wa majani!

Na tuseme ukweli, hakuna aliyefanya kazi kwa usafi kama yeye. Majani aliyaosha mara tatu, ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi wala madini yoyote, ili vumbi la udongo lisije likahesabiwa kuwa chuma cha mboga. Aliyakausha kwenye tanuri la moto mdogo siku mbili, akayasaga kwa mashine yake, akayachoma mpaka yakawa majivu meupe, majivu akayayeyusha kwenye asidi. Ndipo mashine kubwa ya pembeni ilipomwambia mna chuma kiasi gani. Wenzake walisaga mara moja wakaridhika. Yeye alisaga mara tatu, siku nyingine nne, mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto.

"Nyie mnasaga makapi," aliwatania. "Njooni mguse unga."

Majibu yake yalikuwa makubwa kuliko ya wote. Mkuu wa maabara alisema ni ustadi, unga laini unatoa chuma chote kilichomo. Ukimsikiliza unaona kabisa mtu anasema la maana. Hakuna aliyebisha.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti, na huyo binti alihangaika miaka sita kabla ya kushika mimba. Furaha iliyokuwepo sina haja ya kuieleza. Mimba ilipofika miezi minne, kliniki wakampima, wakakuta damu iko chini, wakampa vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Vidonge vikamchafua tumbo. Kila akimeza anatapika mpaka nyongo. Akampigia mama yake simu analia.

"Achana navyo, mwanangu," mama akamwambia. "Vidonge vya nini na mimi nipo? Mgagani ninaoupima una chuma kushinda maini. Nimepima kwa mkono wangu huu. Nitakuletea kila siku."

Si kwamba alikuwa mjinga. Alijua fika kuwa ndani ya majani mna vitu vinavyong'ang'ania chuma tumboni, mwili ukaambulia kidogo tu. Lakini alipiga hesabu zake: kwa wingi ule, hata kikipotea vipi, kitabaki cha kutosha. Basi kila jioni akitoka kazini alipitia kwa bintiye na kikapu, akampikia, akakaa kumtazama mpaka sahani ikang'aa. Binti aliacha kwenda kliniki, akiogopa kugombezwa kwa ajili ya vile vidonge. Miezi ikapita. Viganja vyake vilipoanza kupauka, mama aliongeza majani.

Mpaka siku ile alipokuja fundi wa kunoa visu. Alikuwa na kawaida ya kuja mara moja kwa mwaka kunoa visu vya mashine za kusagia. Alifungua mashine za wenzake, akafungua ya Mama Magugu, akavipanga visu vyote mezani.

"Mama, umebadilisha visu?"

"Wala. Ndivyo vilevile tulivyofungiwa wote mwaka jana. Vina nini?"

"Ebo! Vya wenzako bado vinene, vyako vimebaki kama karatasi. Vimelika kabisa. Sasa hicho chuma chote kimekwenda wapi?"

Fundi aliuliza hivihivi tu, huku anatafuta jiwe lake mkobani. Mama Magugu alichukua kisu kimoja, akakipitisha kidole. Akavuta kiti akakaa. Chuma kilikuwa kimekwenda kwenye unga. Kila aliporudia kusaga ili unga uwe laini, alikuwa anaongeza chuma cha visu, na mashine kubwa ikakihesabu kuwa cha mgagani. Uangalifu wake wote ule, ndio uliomponza.

Alijipa moyo kwamba huenda ni kidogo. Akachukua majani yaleyale, akayatwanga kwa mkono kwenye kinu cha kauri mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Baada ya siku tatu jibu likatoka, na halikufika hata robo ya lile la zamani. Akarudia. Likawa lilelile.

Hakuaga mtu. Alitoka na koti la maabara mwilini, akapitia duka la dawa, akaenda mbio mpaka kwa bintiye. Alimkuta kitandani saa nne asubuhi, midomo imekuwa myeupe, anahema kwa kujigeuza tu.

"Mwanangu, nimekukosea. Kile chuma hakikuwa cha majani. Kilikuwa cha mashine yangu."

Binti akacheka kicheko chembamba.

"Kwa hiyo mgagani wote ule mchungu nimekula bure? We mama wewe! Ungejua nilivyokuwa nauchukia."

Akanyoosha mkono, akapokea kidonge, akakimeza. Hazikupita dakika kumi akakitapika. Akaomba kingine.

Mama akampeleka hospitali, na huko hawakuwaficha. Vidonge vinataka miezi, na siku za kujifungua zimebaki wiki tatu. Aongezewe damu, lakini damu ya kundi lake haikuwepo. Mama akatoa mkono apimwe, mkwewe naye akatoa wake, zote mbili hazikuoana na ya mgonjwa. Wakaambiwa wasubiri. Walikuwa bado wanasubiri, siku ya tano, uchungu ulipomshika kabla ya wakati.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, analia kwa nguvu. Mkunga aliapa kwamba damu iliyomwagika haikuwa nyingi, kwamba mwanamke mwingine angepoteza kiasi hicho na saa hiyohiyo akaomba chai. Huyu hakuwa na damu ya kupoteza.

Daktari alikuja na faili mkononi, amefura.

"Huyu alipewa vidonge tangu mimba ya miezi minne! Nani alimwachisha?"

Mama Magugu, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, akafungua mdomo. Bintiye akamtangulia.

"Ni mimi, daktari," alinong'ona. "Nilikuwa navitupa chooni. Mama alinisihi mpaka akachoka."

Alikata roho kabla ya saa sita mchana, mama yake kamshika mkono.

Daktari alipomaliza kuandika, hasira zilikuwa zimemwisha. Akamwekea yule mama mkono begani.

"Pole sana, mama. Usijilaumu. Watoto wa siku hizi hawaambiliki."

Mama Magugu alimtazama usoni. Kama ni kusema, wakati ndio ule.

"Ni kweli, daktari," akasema. "Hawaambiliki."