Mustari moja ya moyo

Mu vita, basoda balikuja Bulengera kukamata banaume ya kubeba mizigo yabo. Benyewe hapana kubeba hata sufuria, bavivu bale! Baba akakimbilia ku dispanseri kwenye mama alikuwa anapima bagonjwa. Komanda yabo akamufuata. Baba akaanguka, akashika kifua.

Mama akamutoboa kidole, akadondosha damu ku kale kaplastiki kenye kanapima moyo. Mistari mbili ni ugonjwa. Ya baba ikatoka moja, moyo muzima kabisa. Mama akakunja uso: «Komanda, angalia, mustari ya moyo imebakia moja tu!»

Komanda akanyoosha kidole yake. «Mama, nipime na miye.»

Yake pia ikatoka moja. Akaanguka palepale.

Mu ile vita yote, baba alibeba muzigo moja tu: komanda mwenyewe, mpaka ku kitanda.