Dari ya Basi la Misheni

Kung'oa mabati ya dari ni kazi ya mtu mmoja. Kuyarudisha ni kazi ya wawili, na hapo ndipo Theonest alipokwama. Tena alikwama makusudi, ila hilo usimwambie.

Mwaka wa hamsini na tano, gereji moja ya Chang'ombe ililetewa basi kuukuu la shule ya misheni. Mapadri walitaka liwe zahanati ya kuzungukia vijiji. Viti vikatolewa, ikabaki dari: mabati yote yashushwe, juu yake yajazwe makumbi ya nazi kuzuia joto, kisha yapigwe upya ribiti, vile vipini vya chuma vya kubania mabati. Kazi akapewa Theonest, Mhaya wa Bukoba, fundi hodari, mseja wa miaka arobaini na kitu, mwenye chumba kimoja Kipawa na sufuria moja. Watu husema Wahaya wana maringo; huyu maringo yake yote yalikuwa mikononi.

Dari ile aliifahamu, maana ndiye aliyeifunga mwaka wa arobaini na sita, yeye na Shomari wa Temeke. Mmoja hupiga nyundo, mwenzake hupenyeza mkono nyuma ya bati akakinga kwa kipande cha chuma, ribiti ibonyee. Kwa kuwa bati liliwaficha wasionane, walisema kwa kugonga: mara moja, tayari; mara mbili, twende nyingine. Miaka minane walifanya kazi hivyo, na kila Idi Theonest alikula pilau kwa Bi Mwajabu, mama yake Shomari, aliyemwita mwanangu mbele za watu.

Basi alijua pa kuanzia. Bati la mwisho, la nyuma kabisa, lilifungwa kwa skrubu, kwa sababu hapakubaki pa kupitisha mkono. Akalifungua kwa bisibisi, kisha akashika tindo na nyundo, akaanza kukata vichwa vya ribiti kimoja kimoja, shingo imepinda, vumbi la miaka tisa likimwagikia machoni. Kila bati lilishuka na maganda ya karanga na viota vya panya. Siku ya tatu, bila kufikiri, aligonga bati mara moja. Akangoja. Ala! Anangoja nini? Alijicheka, na kicheko hakikumsaidia kitu. Tuseme wazi tu, upweke ulikuwa umemkaba. Kila jioni alirudi chumbani pasipo wa kumuuliza umeshindaje.

Kisa cha yeye na Shomari kuachana kilikuwa hiki. Bi Mwajabu alipofariki, Theonest alitoka kazini mbio kwenda mazikoni. Njiani akakutana na Projestus, karani wa kwao, mjuaji wa kila kitu, akamwambia kwamba Mkristo hasogelei jeneza la Mwislamu, atalitia najisi na kuwaharibia watu ibada yao. Ujinga mtupu! Lakini Theonest, kwa adabu yake, aliamini. Akasimama ng'ambo ya barabara mpaka watu walipokwisha kupita, akarudi kazini. Kuanzia siku ile Shomari hakuitikia salamu yake, na wiki ya pili akahamia kazi za bandarini. Theonest naye akanuna: mie nimewaheshimu, wao wananinunia! Ikapita miaka minne, kila mmoja na lake moyoni.

Sasa basi hili la misheni likampa sababu ya kumtafuta. Tajiri wake alimletea mtu wa kushika chuma mara mbili, na mara mbili Theonest alimrudisha, eti anabonyeza mabati. Alimtaka Shomari. Akimkosa safari hii hatampata tena, na hilo alilijua vizuri sana.

Jumamosi akapiga moyo konde, akavaa shati safi, akaenda Temeke.

"Hodi hapa!"

Aliyetoka ni Somoe, dada mkubwa wa Shomari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakumwambia aketi.

"Nimemfuata Shomari. Kuna kazi yetu ile ile ya zamani."

Somoe aliuegesha mlango nyuma yake. "Shomari tumemzika. Mwezi wa pili huu. Mkewe yumo ndani, anakaa eda."

"Mbona hamkuniita?"

"Tukuite wewe? Watu walisema yule bwana haji misibani." Kisha sauti yake ikashuka. "Siku ya kumzika mama, Shomari alikuona, umesimama kule ng'ambo. Akalisimamisha jeneza, akawaambia watu, ngojeni kidogo, yupo ndugu yangu anavuka. Watu wakangoja juani. Hukuvuka."

"Niliambiwa si ruhusa, dada. Kwamba nitawatia najisi."

"Uliambiwa na nani?"

"Na mtu wa kwetu."

"Mtu wa kwenu!" Somoe alipiga makofi kwa uchungu. "Umekula humu ndani miaka minane, mama anakwita mwanangu. Mbona hukutuuliza sisi?"

Theonest aliketi pale pale mchangani, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, bila kuona haya. Waliopita walidhani ni ndugu wa marehemu, katoka bara, kachelewa kufika. Wakampa pole, wakaenda zao.