Nafasi Niliyomwachia Mdogo Wangu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute vifungu vya sheria humu. Ninachojua ni kwamba sheria mpya ya kazi ilitungwa, na mimi niliingia ndani yake kama ng'ombe anavyoingia josho: nimesukumwa, macho yamenitoka.

Ilikuwa ile miaka ambayo ushirika umeshalegea na pamba inanunuliwa na kila mwenye mzani. Jineri za watu binafsi, viwanda vya kuchambua pamba, zilichipuka kama uyoga. Niliyofanyia kazi mimi ilikuwa nje kidogo ya Bariadi, nilikaa hapo misimu saba, na kazi yangu ilikuwa rola. Mashine ya kuchambua pamba ina rola lililovikwa ngozi nene. Ngozi ikilainika haishiki nyuzi, mbegu zinapita na pamba yake. Inabidi ulifungue, uikate ngozi mifereji upya, mmoja mmoja, mkono usitetemeke. Aliyenifundisha alikuwa fundi wa Mwanza, mlevi kweli kweli, lakini akishika kile kisu pombe yote inamtoka. Alikufa kwa kugongwa na baiskeli. Baiskeli, jamani! Haya, hilo si la leo.

Mkataba sikuwa nao. Jina langu lilikuwa kwenye daftari la nyapara, na daftari lenyewe alilitia mfuko wa nyuma akalikalia. Msimu mmoja kabla ya haya yote alikuja bwana wa chama cha wafanyakazi, akapanda juu ya robota la pamba, akatuambia kuna sheria mpya. Mtu hafukuzwi tena bila sababu ya haki na bila kusikilizwa, hata kama hana karatasi. Akifukuzwa, ana siku thelathini za kupeleka malalamiko. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mheshimiwa, robota linawaka!" Bwana yule aliruka chini kama mbuzi. Tulicheka mpaka tukakaa. Hivyo ndivyo tulivyoipokea sheria.

Sasa, mama mkwe wangu akafariki kule Bukundi, Meatu. Niwaambie jambo. Kwetu Wasukuma wa zamani mkwe wa kike humsogelei, huli mbele yake, ukimwona njiani unachepuka porini. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka mingi na uso wa mama yule sikuwa nimeuona sawasawa. Niliuona siku ya kumzika, ameshalala. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho. Mkwe asipofika kwenye mazishi kama hayo, bora ahame nchi.

Nilimwambia nyapara. Akasema, "Nenda kazike. Ila niletee mtu, mashine isilale."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na kosa lenyewe ni la watu wa kwetu. Kwetu ukipata msiba wiki ya palizi, ndugu yako anaingia kwenye mstari wako na jembe lako. Ukirudi anakurudishia jembe, hata asante hamwambiani. Basi nikamfuata mdogo wangu kijijini kwetu, Sapiwi. Nilishamfundisha kukata rola kiangazi kimoja. Nikamwambia shika hapa mpaka nirudi.

Nilirudi siku ya sita, asubuhi. Nyapara aliponiona akaanza kukagua mkanda wa mashine ambao haukuwa na tatizo. Meneja akatoka ofisini.

"Wewe si uliacha kazi?"

"Nilikwenda kuzika, bosi. Nyapara anajua."

Nyapara akainamia mkanda zaidi.

"Kazi ina mtu," meneja akasema. "Uliyemleta mwenyewe. Mzee, nenda ukapumzike."

Nikatazama ndani. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya mashine, amejifunga puani kitambaa changu cha kuzuia vumbi. Yalionekana macho tu. Akasema, "Kaka." Baadaye nikajua walishampigisha dole gumba kwenye karatasi ya kibarua, kwa ujira mdogo kuliko wangu.

Ningekwenda kulalamika siku ile ile. Sikwenda. Nilikwenda Sapiwi kwa wazee wetu, maana niliona aibu kumshitaki mtu aliyenyonya ziwa nililonyonya mimi. Tulikaa zizini kwa baba. Mdogo wangu akaja, amevaa shati safi.

"Kaka, mimi mtoto wa tatu yuko njiani," akasema. "Wewe una ng'ombe."

"Ng'ombe wawili!"

"Mimi sina hata mkia."

Wazee wakacheka, mimi nikachemka. Baba mdogo akasema mambo ya ndugu hayapelekwi ofisini, tungoje mavuno yaishe, watu watulie. Tukangoja. Wanangoja mavuno, siku nazo zinaondoka. Nyumbani mke wangu alikuwa akichora mistari ya mkaa ukutani tangu siku nilipofukuzwa, yeye ndiye aliyeshika yale maneno ya siku thelathini niliyomsimulia kama kichekesho. Mstari wa ishirini na saba alipouchora akanigeukia.

"Unangoja nini? Mama yangu afufuke aje akushitakie?"

Kesho yake nikapanda basi la Shinyanga. Wakati huo mkoa wetu ulikuwa bado ni huo. Kwenye ofisi ya usuluhishi wa kazi nikapewa fomu, kijana wa pale akanisaidia kuijaza. Akasema nakala lazima imfikie mwajiri na asaini, ndipo nirudishe. Nikarudi Bariadi. Mlinzi wa jineri akakataa kupokea, anasema bosi hayupo, na gari la bosi liko pale pale linaoshwa. Nilisimama getini tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Karani mmoja mwanamke akatoka, akanitazama, akasaini kimya kimya na kurudi ndani. Fomu niliifikisha siku ya thelathini, ofisi inakaribia kufungwa.

Kikao cha kwanza tulishindwa kupatana. Cha pili ndicho cha ushahidi, na mwamuzi alikuja Maswa, tukakaa katika chumba cha kuazima pale mjini Nyalikungu. Mwamuzi alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu mkubwa. Kwa woga nikamwamkia, "Shikamoo." Akasema, "Hapana baba, shikamoo wewe."

Meneja akaingia, na nyuma yake mdogo wangu. Amekuja kama shahidi wao. Akakaa benchi lao, anang'oa nyuzi za pamba kwenye mkono wa shati. Nyapara, walisema, amesafiri. Nikajua basi, aliyenipa ruhusa hayupo, na aliyebaki anakula kwa kazi yangu.

"Alifariki nani?" mwamuzi akauliza.

"Mama mkwe."

Meneja alikuja na sheria yenyewe mkononi, amejiandaa. Akasoma wale ambao mtu anapewa siku za kuwazika: mtoto, mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, ndugu. Akafunga kitabu. "Mkwe hayumo."

"Sheria hii katunga mtu asiyeoa," nikasema, maneno yakanitoka tu.

Mwamuzi akauma mdomo, akaandika. Kisha akasema, "Kweli hayumo." Nikahisi benchi linazama. "Sasa, meneja. Huyu aliporudi ulimwita, ukamwambia kosa lake, ukamsikiliza?"

"Alishaacha kazi. Nimsikilize nani?"

"Kwa hiyo hakupewa ruhusa na mtu yeyote?"

"Hakupewa."

Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe ulipofika kazini siku ya kwanza, aliyekupokea alikwambia nini?"

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, gurudumu linalia, tukalisikiliza mpaka likaishia mbali. Sikumtazama mdogo wangu. Nilitazama miguu yake. Alikuwa amevaa buti za jineri.

"Nyapara ndiye aliyenipokea," akasema mwishoni. "Akaniambia, fanya mpaka kaka yako arudi msibani."

Meneja akainuka. "Wewe! Kwenye gari tulisema nini?"

"Kwenye gari mlisema nini?" mwamuzi akauliza, kalamu iko juu.

Meneja akakaa. Mdogo wangu akasema, "Kwenye gari wao ndio walisema, mheshimiwa. Mimi nilinyamaza."

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa: nirudishwe kazini, na nipewe mkataba wa maandishi. Lakini siku ile ile ya kikao gari la meneja liliondoka bila mdogo wangu. Alimfukuza hivyo hivyo, kwa kuwasha gari akaenda. Nilirudi ndani nikamuuliza mwamuzi, na huyu je, sheria si ipo? Akaniuliza ana muda gani pale. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema ulinzi ule wa kutofukuzwa ovyo unamfika aliyetimiza miezi sita, huyu bado. Ujira wa siku alizofanya audai, asiuache, lakini kazi hawezi kumrudishia. Nilitaka kubishana naye. Ningebishana kwa lipi, darasa la tatu?

Tulipata lifti ya trekta, tukakaa juu ya tela tukiwa tumepeana migongo.

"Asante," nikamwambia.

"Usinishukuru, kaka. Ukinishukuru nitakuchukia."

Trekta likafika njia panda yake. Alishuka, akavua buti, akazifunga kamba pamoja akanitupia. "Zirudishe. Wasije wakasema nimeiba."

Kazini nilirudi. Mkataba mke wangu alinisomea mstari kwa mstari, nikamwomba arudie pale palipoandikwa likizo, kwa sababu sikuamini. Na wengine wakaanza kudai mikataba ya kwao. Nyapara alipoulizwa daftari alilitoa mfukoni upesi. Kila msimu nilimwombea mdogo wangu nafasi, kila msimu meneja alisema ataangalia. Mdogo wangu alibaki na pamba yake Sapiwi. Nikienda kwake ananipokea vizuri, tunasalimiana mwangaluka, tunaongea mvua na wadudu. Mkewe, shemeji yangu, analeta michembe ya viazi na chai, anaiweka chini mbele yangu, anapiga goti kama inavyotakiwa. Kisha anaingia ndani, yeye anayekaa na kila mgeni mwingine, na hatoki tena mpaka niondoke.