Maji Bado Kwenye Injini ya Bati

Mwanangu, kila baridi ya huku inapoanza kuuma masikio, mawazo yangu hurudi kwenye Ijumaa moja ya miaka ya elfu mbili na kidogo, nilipokuwa kijana hapa Birmingham. Mwezi siushiki sawasawa, nadhani ni Januari. Nasema nadhani, nisije nikakudanganya kwenye kidogo ukaacha kuniamini kwenye kikubwa.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Kartar, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye gereji ndogo Hockley, nyuma ya karakana za masonara. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu, changu cha Unguja, na tulielewana. Au tulidhani tunaelewana.

Mle ndani kulikuwa na pikapu ya Kimarekani ya zamani, ndogo mpaka watu wakiuliza kama ni ya watoto kuchezea. Mzee aliikuta imeota kutu bandani kwa mkulima mmoja, akaifufua kipande kwa kipande, akaipaka rangi ya kijani. Haikuwa ya kuuza. Utotoni kwake Kisumu kulikuwa na mmisionari mwenye pikapu kama hiyo, na baba yake Mzee ndiye aliyekuwa fundi wake. Kartar na kaka yake Jagir walijifunzia humo, mmoja kashika usukani, mwingine kakanyaga pedali kwa sababu miguu ya mwenzake haikufika. Walipokua wakagombana juu ya gereji ya baba yao. Jagir akaenda Kanada, Kartar akaja huku, wakanyamaziana miaka na miaka. Sasa Jagir alikuwa anakuja. Angeshuka uwanja wa ndege Jumamosi asubuhi, na Mzee alikwisha sema kwamba atampokea kwa pikapu ile, si kwa gari jingine.

Aliyetengeneza magari yale alikuwa tajiri wa redio na mafriji huko Marekani. Mzee alipenda kunisimulia habari zake tukinywa chai. Alikuwa mtu mrefu sana, lakini akaota gari dogo, rahisi, ambalo mtu wa kawaida angelimudu. Wenzake wakitengeneza injini za chuma cha kumimina, yeye akachukua ya mabati membamba yaliyounganishwa kwa shaba tanuruni, nyepesi ajabu. Vitani ilifanya kazi vizuri, maana askari waliitunza. Ilipofika kwa raia, wakaitilia maji yoyote na dawa yoyote ya kuzuia barafu, ikaoza kwa ndani ikatoboka. Tajiri akarudi kwenye chuma, lakini jina lilikwisha chafuka, na watu wakataka magari makubwa. Akafunga kiwanda. Mimi nilicheka. Mzee hakucheka. Alisema yule bwana hakuwa mjinga, alidhani tu kwamba watu wanajua anachokijua yeye.

Pikapu yetu ilikuwa bado na injini yake ile ile ya bati. Kuipata nyingine tusingeweza.

Ijumaa hiyo tuliijaza maji matupu kuangalia kama inavuja. Haikuvuja. Maji yalitakiwa kutolewa kabla ya baridi ya usiku, maana yakiganda hufura yakapasua bati, kisha itiwe dawa maalumu ya kuzuia kuganda. Koki ya kutolea maji Mzee hakumruhusu mtu kuigusa, alisema ni laini kama sikio la mtoto. Mimi nilikuwa chini ya gari jingine aliponiita kutoka mlangoni, amekwisha vaa koti.

"Saidi, maji bado?"

"Bado, Mzee."

"Sawa, bwana. Wewe funga mlango ya mbele ukimaliza. Mimi nitafunga hii ya nyuma."

Nilimaliza, nikafunga wa mbele, nikaenda zangu. Wa nyuma ndio uliokuwa upande wa pikapu.

Nyumbani Balsall Heath, tumekwisha swali magharibi, nikachungulia dirishani nikaona vioo vya magari mtaani vimekuwa vyeupe. Pale ndipo wasiwasi ulipoanza. Mimi niliposema "bado" nilikuwa na maana kwamba maji bado yamo, hayajatolewa. Nilitegemea yeye mwenyewe atafungua koki yake. Lakini aliuliza nini? Kama alikuwa anauliza yale maji mapya yenye dawa, basi "bado" yangu imemwambia hayajatiwa, injini iko tupu, aende salama. Neno moja, mwanangu, na ndani yake mna kujaa na mna utupu.

Nikapiga simu yake, ikaita bila kujibiwa. Nikaiweka chini. Nikajiambia Mzee si mtoto, lazima amekagua. Nikajiambia nikimsumbua ataona namfundisha kazi aliyoifanya kabla sijazaliwa. Nikakaa, nikasimama, nikaenda dirishani tena. Mke wangu Zuhura alikuwa anasonga ugali, akanitazama mpaka akachoka.

"Una nini wewe, kama kuku anayetaka kutaga?"

Nikamweleza. Hakuhitaji kufikiri.

"Ukienda ukakuta sawa, utachekwa. Usipoenda ikapasuka, je?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliijua tangu utoto, na bado ilibidi mtu anisukume kwa mwiko. Nikavaa koti na kofia yangu, nikapanda basi. Lilikwenda kama linasindikiza maiti. Kila kituo nilisikia bati likipasuka kichwani mwangu.

Ijumaa jioni Mzee huwa gurudwara, hekalu la Makalasinga. Nikavua viatu mlangoni pamoja na vya watu wengine, na koti lake nikaliona limetundikwa hapo, simu inalia mfukoni, pengine mkewe naye alikuwa akimtafuta. Nikamkuta ameketi chini kwenye mkeka mrefu anakula na wenzake. Akafurahi kuniona, akanisogezea nafasi, akaagiza niletewe chapati. Nikainama sikioni.

"Mzee, ile pikapu ina maji au haina?"

Akaacha kutafuna. "Si wewe ulisema bado?"

"Nilisema bado yamo."

 Aliinuka kwa kushika bega langu, akaliendea koti lake.

Gereji ilikuwa baridi kuliko nje. Ndoo iliyoachwa sakafuni imeshika utando wa barafu. Mzee akapiga goti, akafungua koki. Hakikutoka kitu. Barafu imeziba. Akaniambia nichemshe maji, akalowesha kitambaa akakizungusha pale taratibu, akakibadilisha, tena na tena, huku akinong'ona Kipunjabi. Sijui alikuwa anaomba au anatukana. Nami nilikuwa nasoma niliyoyajua. Mwishowe likadondoka tone. Halafu jingine. Halafu maji yakaja na vipande vya barafu kama vigae vya glasi, yakalowesha magoti yake na hakusogea.

Kama bati limepasuka au la, tusingejua mpaka asubuhi. Tukasimama pale kama watu waliomfikisha mgonjwa na daktari hajatoka.

"Ulijua saa ngapi?" akaniuliza.

Nikasema ukweli, kwamba nilianza kuhisi tangu magharibi, nikaona haya kumsumbua.

"Haya," akasema. "Mimi pia iko na makosa, niliuliza nusu ya swali. Lakini sikia, kijana. Wasiwasi ni kama maji ndani ya bati. Ikiwa bado maji, unafungua koki, inatoka. Ukiacha igande, inapasua." Akapangusa mikono. "Mimi na Jagir, kila mtu alikuwa anangoja mwenzake apige simu. Unaona tumezeeka."

Asubuhi alitia dawa yake, akawasha. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanguruma kama cherehani. Tulipitisha vidole kila kiungo. Pakavu. Akaondoka nayo peke yake, mimi nimebaki mlangoni nikiisikiliza mpaka ikapotea, maana pakavu pa asubuhi si ahadi ya mchana.

Walivyokutana uwanjani siwezi kukueleza, sikuwapo. Niliyoyaona ni kurudi kwao: vizee viwili vyenye vilemba vimebanana ndani ya kile kigari, sanduku limefungwa kamba nyuma. Nikawasikia kabla hawajasimama. Jagir alikuwa anasema gia haibadilishwi hivyo, Kartar anamjibu akanyage yeye basi kama zamani. Wanagombana kwa Kiswahili, cha Kisumu, na machozi yanawatiririka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni fupi, na sijui kama ninastahili kuitoa, maana hata leo simu nyingine naziogopa. Usimjibu mtu nusu, na ukiulizwa nusu, uliza swali zima. Ukihisi jambo haliko sawa, liseme lingali maji. Bora uchekwe umefika kuliko usifiwe adabu huku kitu cha mwenzako kinapasuka gizani. Na kama kuna ndugu unayemngoja apige, piga wewe.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, na watu wasiokucheka ukiuliza. Akuepushe na baridi ya nje na ya moyoni. Na milango uliyoichelewa aifungue kabla hujaifikia.