Farasi wangu alikuwa akikata kushoto kila siku kuingia kwa mkwe wangu mtarajiwa, nikajua hapa kuna mkono wa mtu

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba mjitilie wenyewe.

Hiki ninachoandika kimenikuta mimi, siyo rafiki yangu wala binamu yangu. Atakayesema ni chai aje Korogwe, Masuguru, aulizie mwenye farasi. Hakuna wawili.

Mwandiko mtanivumilia. Shule niliishia la nne. Ila waliomaliza chuo ninao wawili kwenye biashara yangu na asubuhi wananiamkia.

Kifupi, mimi ni Mzigua wa Handeni. Nimeingia mji huu na kandambili, nikabeba magunia mgongoni. Leo nina mashine za kusaga, nina Fuso zinazoleta mahindi kutoka Handeni, nina nyumba ya vigae. Sijarithi hata mpini wa jembe. Nasema ili mjue siyo mtu wa kuropoka.

Sasa mwili wangu. Hapa msiruke, maana ndipo penyewe.

Tangu mtoto viungo vyangu vinakunjika kuliko vya watu wengine. Dole gumba nalilaza mpaka linagusa mkono kwa ndani. Viwiko vinakwenda upande usio wake. Enzi za ukuli bega lilikuwa linachomoka nikiwa na gunia, nalirudisha mwenyewe, "ko!", naendelea na safari. Wenzangu waliniita Mpira. Nilijua ni zawadi ya Mungu, na kwenye vijiwe nilikuwa nawaonyesha watu mpaka wanafumba macho.

Tuje kwa farasi.

Kuna mzungu alikuwa na shamba upande wa Handeni, akawa anahama, anauza vitu. Watu wakagombania jenereta na makochi. Mimi nikachukua farasi. Jike, kahawia, mpole. Yule mzungu alinifundisha kupanda, kushuka na kushika hatamu kabla hajaondoka.

Kwa nini farasi? Binti yangu Zai alikuwa ameposwa. Siku ya posa nikasimama mbele ya wazee nikatangaza kwamba siku ya ndoa nitaongoza watu kutoka msikitini mpaka kwangu nikiwa juu ya farasi. Wazee wakaguna. Nikajua imewaingia.

Baba wa bwana harusi jina lake nalihifadhi, nimwite Mkwe. Msambaa wa Vugiri, anauza viazi na mboga za mlimani kwa jumla. Kwake ni mtaa huohuo wangu. Ukitoka kwangu kwenda msikitini geti lake liko kushoto.

Shikeni hilo neno, kushoto.

Nikaanza mazoezi kila jioni. Siku ya kwanza farasi anakwenda vizuri, anakwenda vizuri, tukifika karibu na kwa Mkwe anaanza kuvuta kushoto. Navuta hatamu kulia, hasikii. Akaingia getini, akasimama uani kama mgeni aliyealikwa.

Mkwe katoka na kikombe chake. "Aaa, karibu Mkwe! Leo umekuja na usafiri."

Nikacheka kiume, nikageuza.

Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Mke wake akawa anatoa kigoda kabla sijafika.

"Mkwe," ananiambia, "nyie Wazigua mmezoea punda. Huyu mwenzio anajua njia ya kwa watu."

Utani wa kawaida huo, mtasema. Lakini mimi mjini nimekaa kwa kutazama watu. Nikaanza kuunganisha.

Kwanza, aliwahi kuniuliza farasi anakula nini. Mtu unauliza chakula cha mnyama wa mwenzio ili iweje?

Pili, siku moja nikakuta majivu yamemwagwa pale getini kwake. Nikauliza, akasema siafu. Siafu, kiangazi kile!

Tatu, mwili wangu ukaanza kubadilika. Nikishuka nyonga ya kushoto inalia, goti linavimba, asubuhi natembea kama bata. Magunia hayajawahi kunifanya hivyo. Nikasema hiki kitu sasa kimetoka kwa mnyama kimeniingia mimi.

(Wakati wa kurudi nyumbani farasi alikuwa ananipeleka kwenye mtaro, upande wa pili wa barabara. Hilo wala sikulifikiria. Nilikuwa naangalia geti tu.)

Nikaenda Handeni kwa mzee mmoja anayeangalia mambo. Akaniambia, "Ni mtu wa karibu, na hapendi uonekane." Nikamwuliza, anatoka mlimani? Akasema, "Umesema mwenyewe."

Nikarudi, nikamwita Zai na mama yake, nikawaambia ndoa hakuna. Siwezi kutoa mtoto kwa nyumba inayonifunga kabla hata pilau haijapikwa.

Mama yake akakaa chini. Zai hakulia. Huyu mtoto ana roho yangu.

"Baba, unavunja ndoa yangu kwa sababu ya farasi?"

"Siyo farasi. Ni mwenye kumvuta."

"Basi tumjaribu mbele ya watu. Mkwe wako apande, mimi nipande, wewe upande. Akimvuta tutaona. Asipomvuta, naolewa."

Nikakubali. Nilikuwa na uhakika, wakuu. Nilitaka aumbuke mchana kweupe.

Tukaenda uwanja wa mpira. Mkwe alikuja, na watu wakajaa wenyewe, mji huu hauna siri. Nikatamka mbele yao wote kwamba huyu mtu amemchezea farasi wangu. Kumwambia mtu mzima maneno yale hadharani siyo jambo dogo. Bwana harusi aligeuza uso. Mkwe akavua viatu, akapanda.

Alipanda kama gunia la viazi. Kakumbatia shingo, kanzu iko mabegani. Farasi akaenda goli mpaka goli, mstari umenyooka kama rula.

Nikapiga kelele, "Mmeona? Kamzoea!"

Akapanda Zai. Mtoto hajawahi kupanda hata baiskeli vizuri. Farasi amenyooka vilevile.

Nikapanda mimi, mwenye mali. Tukatoka golini vizuri, kisha taratibu, kushoto, kushoto, mpaka kwenye kibendera cha kona. Kwa Mkwe hapakuwa hata upande ule. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Zai alikuwa anarekodi. Akanipa simu.

Kwenye video kuna mtu amekaa juu ya farasi wangu. Bega la kushoto limeshuka, nyonga imetoka nje, mguu mmoja unaning'inia kuliko mwenzake. Amelala kama mlingoti unaotaka kuanguka.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, baba."

"Umepindisha simu."

"Angalia goli."

Nikaangalia. Nguzo za goli zimesimama wima kabisa. Na mimi naapa, pale juu nilikuwa najisikia nimenyooka kama askari wa gwaride.

Zai akanipeleka hospitali, kwa binti anayeshughulika na viungo na misuli. Mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Akaniambia nifumbe macho, ninyooshe mkono usawa wa bega. Nikanyoosha. "Fumbua, mzee."

Mkono ulikuwa juu karibu na sikio.

Wakuu, nilishtuka kuliko siku ya video.

Akanikunjakunja vidole, magoti, viwiko. Akasema viungo vyangu vimelegea kupita kawaida, nimezaliwa hivyo, na mtu wa hivyo mara nyingine mwili haumpi taarifa sahihi kiungo kiko wapi. Ujana misuli ya magunia ilikuwa inashikilia. Sasa nimekaa ofisini, nimenenepa, nyonga inateleza na mimi sijui. Uzito unalala kushoto, na farasi anafuata uzito.

"Wewe mzee unakaa juu ya mifupa," akasema. "Wenzio wanashikiliwa na nyama, yaani misuli."

Nikamwuliza kwao wapi.

"Kwashemshi."

Nikasimama. Kwashemshi na Vugiri si mlima uleule! Nikamwuliza kama anamjua muuza viazi mmoja. Zai akanishika shati, akaniambia, "Baba, kaa." Nikakaa.

Akanipa mazoezi ya kukaza tumbo na nyonga. Akanikataza kuchomoachomoa bega kwa maonyesho. Nipande muda mfupi, nikichoka nishuke. Na mpaka mwili ujifunze, kuwe na mtu mzima anatembea upande wa kushoto, mkono kwenye goti langu, ananiambia nikianza kulala.

Shida ikaja hapo. Nani? Baada ya yale ya uwanjani, upande wa bwana harusi walikuwa wameacha hata kupokea simu. Kumbe sasa ndoa ya mwanangu iko mikononi mwa mtu niliyemwita mchawi.

Nikaona akinishika goti yeye mbele ya watu, mji utajua tumepatana. Nikaenda kwake mwenyewe, kwa miguu. Mimi siyo mtu wa maneno matamu. Nikamwambia, "Mkwe, nilikukosea. Na nahitaji mtu wa kushoto."

Akasema, "Umenichafua mbele ya mji mzima, sasa unataka nikushike goti?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mkewe akaleta maji. "Haya. Lakini ukianguka, angukia kulia."

Siku ya ndoa tukatoka msikitini. Mimi juu, koti jipya. Yeye chini kushoto na kanzu yake, mkono kwenye goti langu. Dufu nyuma, vigelegele kila nyumba. Kila baada ya muda nasikia sauti ya chinichini, "Mkwe, umelala." Najirudisha. "Umelala tena." Najirudisha.

Geti lake sasa lilikuwa kulia kwetu, tukalipita. Na ule mtaro wa kushoto niliozoea kutupwa tukaupita pia, bila kuugusa. Kwa mbali nikamwona Zai amechungulia dirisha la nyumbani na shela lake, anafuta macho.

Karibu na nyumbani nikamwona Mkwe anaingiza mkono mfukoni. Akatoa karoti. Farasi akageuza shingo akaichukua. Hakunusa. Hakushtuka. Kama mtu anayepokea chai yake ya kila siku.

Nikainama. "Mkwe, hiyo umeanza kumpa lini?"

Akatazama mbele.

"Kaa kulia, Mkwe. Watu wanaangalia."

Nimenyamaza, wakuu. Zai yuko kwake, ana furaha, mjukuu yuko njiani. Mazoezi nafanya kila asubuhi na nyonga imetulia.

Nilichojifunza: ukiwa na viungo vinavyokunjika kupita watu usijisifu navyo kama mimi, nenda ukaangaliwe, hasa kama unapanda farasi, pikipiki au chochote. Na ukihisi mtu anakuvuta, mwombe kwanza mwanao akurekodi.

Nilikuwa nimeshaivunja nyumba ya mwanangu kwa kitu kilichokuwa kwenye nyonga yangu.

Wenye viungo kama vyangu jitokezeni tupeane mazoezi. Na wanaofuga farasi humu nijibuni bila utani: farasi anaweza kupokea karoti kwa mtu asiyemzoea, bila hata kunusa?

Nasubiri. Wa matusi mpite kimya.