"Punguza pressure": tulivyofika Magadi na hewa nusu

Niaje wakuu. Hii ni yangu mwenyewe na sijaiongeza chumvi. Chumvi niliiona ya kutosha huko Magadi.

Mimi ni kinyozi hapa Lindi, Kibera. Beshte yangu Mutiso alikuwa fundi wa viti pale stage ya Kawangware 56. Wikendi tulikuwa tunaendesha baiskeli, zile ride za mbali za siku nzima.

Sasa Mutiso alikuwa anarudi kwao Kitui kabisa. Ride ya Magadi ndiyo ingekuwa yetu ya mwisho, na tuliahidiana kitu kimoja: tuvuke mstari wa kumalizia bega kwa bega. Ride zote za nyuma mimi nilimalizia kwa pickup ya kuokota waliochoka. Iliniuma sana.

Tulitoka Riruta Satellite kukiwa na ukungu.

Baada ya Kiserian barabara ikaanza kushuka, ikashuka mpaka masikio yakaziba. Milima ilikuwa ya buluu. Miguu sikuisikia tena. Niliona ni barabara inayokwenda, mimi nimekaa tu.

Kisha joto likanishika. Mbele lami ilimeta maji ambayo hayakuwepo, na juu ya hayo maji nikaona mabati ya Lindi, plot yetu kabisa, hata harufu ya chapati ikanifikia. (Waliowahi kukaukiwa maji njiani wanajua. Ni tamu, na inatisha.)

Nikaanza kunyonga pedali nizikimbilie hizo chapati.

Mutiso akapiga kelele nyuma yangu: "Buda, punguza pressure!"

Nikasimama, nikashuka, nikafungua valvu ya gurudumu la nyuma. Sss. Nikaisikiliza kwa raha zangu.

"Unafanya nini?"

"Si umesema nipunguze?"

"Pressure ya kichwa, boss! Si ya tairi!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu tukatafuta pampu, kumbe ilidondoka mahali kwenye mteremko. Kicheko kikaisha.

Pickup ikafika. Dereva akasema pampu hana, nafasi anayo.

Nikamwambia Mutiso aende, bado angewahi kabla ya mstari kufungwa. Nilisema kwa moyo safi, na nilitaka kulia.

Aliinamia baiskeli yake, akafungua valvu.

Sss.

"Sasa tuko pressure moja," akasema. "Twende."

Tulitambaa, wakuu. Mbuzi walituangalia kwa huruma. Ziwa likatokea, la waridi, kimya, na sikuamini mpaka Mutiso naye aliposema analiona.

Tulikuta meza zimekunjwa na mstari umeshatolewa. Mutiso akachora mwingine kwa kisigino kwenye vumbi. Tukauvuka bega kwa bega.

Somo: kunywa maji kabla ya kiu, na pampu ifungwe vizuri.

Mutiso yuko Kitui sasa. Kila siku mteja anakaa kwa kiti changu anasema, "Punguza kidogo," na mimi nasikia ile sss, nasimama na mashine mkononi.

Haya, semeni na nyinyi: nani aliwahi kutoa hewa yake ili asikuache?