Mlango Uliogeuka Meza

Meza ya kulia chakula ya binti yangu ina tundu la ufunguo. Lipo upande ninaokaa mimi, karibu na ukingo, na mgeni akiliona lazima aingize kidole. Akishaingiza anauliza, na binti yangu anajibu kwa sauti ile ya kujidai mbele za watu, "Ule ulikuwa mlango wa nyumba ya mama, kule mlimani. Mninga mtupu." Wageni wanasema, lo! Mimi nakunywa chai yangu. Mlango niliokuwa naufunga na kuufungua tangu sijazaa, leo naufuta makombo ya mkate.

Nilishuka hapa mjini, Kihonda, kwa ajili ya mguu. Mvua zilikuwa zimekolea, njia ya kwetu inateleza kama imemwagiwa mlenda, nikaenda chini na mzigo wangu wa kuni, mfupa ukavunjika juu ya kifundo. Binti yangu mkubwa, anayefundisha chuoni Mzumbe, akaja kunichukua. "Utakaa mpaka mguu upone, mama." Mguu ukapona. Ikawa, ngoja mvua ziishe. Mvua zikaisha. Ikawa, ngoja watoto wafunge shule. Watoto wakafunga, wakafungua, mimi nipo tu.

Kila mtu anaondoka asubuhi. Geti linafungwa kwa nje na kufuli, "kwa usalama wako, mama," nami nabaki na friji inayonguruma. Dirisha la nyuma lina nondo. Ukisimama hapo unauona mlima wote, siku mawingu yakiwa na huruma. Naujua kila mkunjo wake, hata mahali moshi wa jikoni kwangu ulipokuwa unatokea.

Lazima niseme kuhusu ile nyumba, maana asiyejua ataona nalilia udongo. Kwetu Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyehamia kwangu, mimi sikuhamia kwake. Alikuja na shoka na msumeno, na kabla kuta hazijakauka alikuwa keshapasua mninga na kutengeneza mlango, mbao pana ambazo siku hizi huzioni. Alitaka watu wa ukoo wangu waone kuwa hawakumpokea mvivu. Kiwanja ni cha ukoo. Mradi mlango wako unafungwa na kufunguliwa, hakuna wa kukugusa. Ukihama, wazee wanakaa na kumpa ndugu mwingine mwenye shida ya mahali. Si ubaya huo. Hata mimi nilipewa pa mama yangu mdogo alipomfuata mumewe Dar na asirudi.

Sasa meza. Nilipofika nilikuta wanakulia kwenye makochi, sahani mapajani, macho kwenye televisheni. Nikasema watu wazima gani hawa wanakula kama wako safarini. Binti yangu akaona aibu, akanipeleka kwenye duka la samani karibu na stendi ya Msamvu. Meza zinang'aa mpaka unayaona meno yako. Nikagonga moja.

"Hili boksi," nikasema.

"Bibi, hiyo imetoka Uturuki," kijana wa dukani akanijibu.

"Basi na Uturuki wana maboksi."

Binti yangu akanivuta mkono tukatoka. Ndipo tukaenda kwa fundi seremala mmoja hapa hapa Kihonda, anayenunua mbao za majengo ya zamani yanayobomolewa. Mkwe wangu ndiye aliyetuendesha. Huyo fundi ni Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu, na alipokwisha kusema shikamoo nami nikaitika marahaba, heshima yetu ilikuwa imeishia hapo.

"Nasikia nyie watu wa milimani mkikanyaga tambarare mnapata kizunguzungu."

"Kizunguzungu nakipata kwa harufu ya kwapa lako. Nionyeshe mbao."

Mbao kuukuu huichagui kwa macho. Macho yanadanganywa na vumbi na rangi. Niligonga kila moja kwa kidole: iliyo nzima inalia kavu, iliyooza inameza mlio. Nikanusa. Nikainua ncha, maana iliyo nyepesi kuliko umbo lake imeshaliwa ndani. Nikageuza upande wa chini kutafuta matundu ya wadudu. Tundu jeusi ni la zamani, halina neno. Lenye unga mweupe mpya, ujue mwenye nyumba yumo ndani anakula. Fundi akaacha utani, akawa ananigeuzia mbao mwenyewe.

Tulipata mninga mzuri wenye makovu ya misumari. Akapima, akasema unatosha miguu na nusu ya uso. Nusu nyingine inataka mbao pana, nazo ziwe kuukuu, maana mpya bado ina maji ndani. Ikikauka inajikunja na kuachana na wenzake.

"Mbao pana za mninga uliokomaa?" nikamwambia. "Hapa huna. Zipo mlangoni kwangu. Ungeuona mlango ule, mtani, ungekaa chini ulie."

Nilikuwa natamba. Mtu ana haki ya kutamba mbele ya mtani wake. Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, kimya, kama anavyokuwa siku zote nikiwapo. Yeye ni mtu wa kanda ya ziwa na ameshika adabu ya ukwe kutushinda sisi wenyewe. Hanitazami usoni. Kiti changu hakikalii. Nikisema chumvi haijakolea, anainuka yeye kuifuata. Neno la mama mkwe kwake halina kuuliza "una maana gani", na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumamosi aliaga kwamba ana shughuli. Alirudi alasiri na pikapu ya kukodi, nyuma imefunikwa turubai. Turubai lilipovutwa nilizijua mbao zile kabla hazijashushwa, kama unavyomjua mwanao kwa kumwona mgongo.

"Mama, nimeuleta ule mlango," akasema akitazama chini, anatabasamu. "Ulisema kweli, ni mzuri sana. Pale nimeziba na bati, mvua isiingie."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Mkwe hakaripiwi. Amepanda mlima kwa miguu yake, amebeba mbao nzito kuzishusha mpaka barabarani, kwa sababu mimi nimefungua mdomo. Nikasema, "Ahsante, baba." Ahsante hiyo mpaka leo haijashuka kooni.

Nikamfuata binti yangu jikoni. "Mwenzio kaning'olea mlango."

Alikuwa anakata vitunguu. Hakuacha. "Sasa mama, kwani ulikuwa unarudi kufanya nini?"

Angenifokea ningejua pa kushika. Alisema kwa upole, kama anavyosema na mtoto anayedai kwenda kucheza jua limeshazama. Hapo nikaelewa kwamba mguu huu ulikuwa umepona kwangu peke yangu.

Fundi akaunganisha meza. Kitasa alikuwa amekitoa, mkwe akakihifadhi kwenye boksi la vifaa vyake. Ufunguo haukuwa kwake. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu, na haukuwahi kutoka.

"Tundu hili nizibe, bibi?"

"Uzibe, na mimi nikuzibe pua."

Sitasema uongo: ilitoka meza. Rangi ya asali upande mmoja, upande wa mlango nyekundu ya kukolea, kwa ule moshi wa miaka yote. Nami nikajikuta mtunzaji wake, maana nani mwingine yuko nyumbani? Kila asubuhi napitisha kitambaa kilichokamuliwa, nafuata mwelekeo wa nyuzi za mti, kisha kitambaa kikavu hapo hapo. Maji yakilala juu yake yanaacha doa. Vanishi nilikataa, inaufunga mti kama plastiki. Fundi alinipa mafuta yake, nikayapasha moto kidogo na nta ya nyuki, nikapaka kwa kanga kuukuu, nikaacha yanywe, nikasugua mpaka mkono ukaniuma. Jua la mchana likiingia, navuta pazia. Na sufuria ya moto haigusi mti: nilisuka vikalio vya ukindu, kila mtu na chake. Mjukuu wangu wa kike, ambaye darasani kwao huwaacha wote nyuma, wavulana wakiwemo, ndiye peke yake niliyemruhusu kuandikia pale, tena kwa kutandika gazeti.

"Mama anaipenda meza hii kuliko sisi," binti yangu akawa anawaambia wageni.

Kisha mdogo wangu, tuliyezaliwa tumbo moja, akapiga simu kutoka mlimani. Yeye hana salamu ndefu.

"Dada, umehama hata kutuaga hukutuaga?"

"Nani kasema nimehama?"

"Bati limesema. Limepigiliwa mlangoni, upepo ukija linapiga kelele kijiji kizima. Na yule mtoto wa dada yetu mkubwa anaoa, anatafuta mahali. Wazee wamesema maharage yakishavunwa watakaa."

"Waambie sijahama!"

"Nimewaambia. Wananiuliza, asiyehama mlango wake uko wapi? Niwajibu nini, dada? Niwaambie mnaulia wali?"

Nikakata simu. Maharage, nilijua, yalikuwa yameshaanza kukauka. Nikaenda dirishani nikashika nondo. Mlima ulikuwa umejifunika.

Kwa mkwe siwezi kufungua mdomo. Kwa binti nilishaufungua, akakata vitunguu. Kufuli liko nje. Nikakaa mbele ya meza ile, mkono juu ya tundu, nikafikiri nina nini mimi ambacho watu hawa wanakihitaji. Nikaona nina kitambaa na nta. Basi. Nikaviweka chini ya kitanda.

Wiki ile sikufuta wala sikupaka. Mti ukaanza kupauka, alama za vikombe zikajichora. Wakaendelea kula hapo hapo. Jumapili binti yangu akatoa sufuria ya mchuzi jikoni, inachemka, akaja nayo mbio inamuunguza. Mjukuu akanyoosha mkono kwenye kikalio. Nikamshika.

"Acha, mke mwenzangu."

Sufuria ikatua juu ya mti mtupu. Nta ikanuka. Wote wakanigeukia, wanangoja kelele zangu. Nikajipakulia wali. Sufuria ilipoinuliwa, palikuwa na duara jeupe, pembeni kabisa mwa tundu la ufunguo.

Mkwe wangu akamtazama mwanawe. "Hebu muulize bibi, meza ina tatizo gani?"

"Bibi, baba anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie baba meza haina tatizo. Tatizo ni nyumba yangu kuzibwa bati kama banda la kuku."

Mtoto akafungua mdomo arudie. Baba yake akainua mkono kumnyamazisha. Akaweka kijiko chini.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza alisema na mimi, siyo na sahani yake. "Si wewe ulisema mbao zipo kule?"

"Nilisema zipo, baba. Sikusema zing'olewe."

Akashika kichwa. "Nilidhani unanituma."

"Mama, si ungetuambia tu?" binti yangu akadakia.

"Wewe nilikwambia. Ulikuwa na vitunguu." Nikawaeleza wote habari ya bati, ya wazee, ya maharage. Mjukuu alikuwa ameacha kutafuna.

Binti yangu macho yakamjaa machozi. "Mama, ukianguka tena kule peke yako, nitamlaumu nani?"

"Nikianguka kule nitakuwa nimeanguka nikienda mahali. Hapa sianguki kwa sababu siendi popote."

Hakuna aliyemaliza chakula.

Kesho yake mkwe wangu akaenda kwa mtani. Akarudi na mlango wa mbao za paini, mwepesi, wenye mafundo, ila kitasa ni kile kile cha zamani. Nikaugonga. Unalia kama boksi la Uturuki. Lakini utafunga. Nikasema nakwenda nao. Binti yangu akasema njia bado mbaya, safari ijayo. Nikafungua pindo la kanga nikampa mkwe ufunguo, na mchana ule wote sikujua niweke wapi mikono yangu.

Alirudi suruali ina matope mpaka magotini. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Nimefunga, nimefungua, nimefunga tena, mama. Watu wanaona. Mama mdogo, yule mdogo wako, alipiga vigelegele. Mzee mmoja akaja na fimbo yake, akagonga mlango, akasikiliza. Akasema, 'Huyu bado yupo.' Yule bwana harusi watamtafutia kwingine."

Nikageuza uso, maana mkwe hapaswi kuniona nikilia.

Basi nikavitoa kitambaa na nta chini ya kitanda. Lile duara nimelisugua siku nyingi. Limefifia, halijatoka, na ukipitisha kiganja unalisikia. Wageni bado wanaingiza kidole kwenye tundu. Binti yangu bado anasema mninga mtupu, ila sasa anasema akinitazama mimi kwanza.

Na asubuhi wanaondoka, geti linavutwa, kufuli linalia kwa nje. Mahali pangu kule pamebaki pangu, nina ufunguo wake kwenye pindo, nami niko ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake sina.

Jana wakati wa chai ya asubuhi nilimwambia mkwe wangu, bila kupitia kwa mtoto, "Baba, na ufunguo wa geti nichongeshee wangu."

Akamtazama mkewe. Binti yangu akanyanyua kikombe, akachungulia chini yake kama kimeacha alama, akakirudisha polepole juu ya kikalio cha ukindu. Kisha wakaondoka, kufuli likalia kwa nje.